Posho ya Giza

Apolo ya kwanza iliingia mwalo wa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, jua likiwa bado nyuma ya milima. Kwa asiyejua, apolo ya huku si roketi. Ni mitumbwi mikubwa iliyounganishwa kwa magogo, wavu mpana ukining'inia katikati, taa zimepangwa ukingoni kama meno. Upande wa Kigoma wenzetu husema kipe. Ulikuwa wakati wa giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani usiku na ndagala, dagaa wa huku, hukubali kudanganywa na taa. Mbalamwezi ikirudi, wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kudaiana madeni.

Wanaume walishuka wamelowa hadi kiunoni, mmoja akitafuna kipande cha muhogo kilichobaki tangu jana. Akina mama walikuwa wamefika zamani. Kila mmoja na beseni lake, kitenge kimekazwa juu ya magoti, miguu imo majini. Bei ilipatanwa kwa sauti za juu, ikapatanwa tena kwa sauti za chini, na samaki wakaanza kumiminwa.

Pembeni alisimama kijana wa takwimu na daftari lililovalishwa nailoni. Tuliamkiana, kisha nikachungulia begani kwake kwa ile tabia mbaya ya waandishi. Safu zilikuwa zimechorwa kwa rula: chombo, idadi ya wavuvi, taa, kilo za ndagala, kilo za mukeke. Beseni la kwanza lilipotua kichwani mwa mama wa kwanza, kijana alikuwa amekwisha kufunga kalamu. Kwake yeye kazi ya ziwa ilikuwa imekwisha. Kwa yule mama ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nilifika Rumonge, kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya RN3, na swali ambalo mhariri wangu aliliona halina kazi ufukweni: katika utafiti wa ziwa hili, mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa? Aliniuliza kwa nini nisikae mjini, niingie ofisini, niombe jedwali la mishahara. Nilimjibu kwamba jedwali nalijua, na jedwali halina kosa.

Kweli halina. Mtumishi wa serikali Burundi huingizwa daraja kwa cheti chake na hupanda kwa miaka yake kazini. Daraja haliulizi kama uliyeleta cheti umevaa suruali au kitenge. Katiba inasema wazi kwamba watu wenye ujuzi sawa wana haki ya mshahara sawa kwa kazi sawa, bila ubaguzi. Juu ya Katiba kuna Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unaodai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Burundi iliuridhia mwaka 1993. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, ilirekebishwa Sheria ya Watu na Familia, na ndani yake mume alibaki ndiye mkuu wa kaya. Mimi nasoma sheria kama mtu wa kawaida, si kama wakili, lakini naona hapo karatasi mbili za mwaka mmoja zinazotazamana kama mke na mume walionuniana. Moja inamwambia mwanamke kwamba kazini yeye ni sawa. Nyingine inamngoja mlangoni jioni.

Sasa tuache karatasi, twende majini.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, na nilipokuwa kijana nilipata kibarua katika mradi mmoja wa kupima maji na samaki. Jina lake halina kazi hapa. Ulishafungwa, na waliouongoza wametawanyika. Tulichukuliwa vijana wawili kwa siku moja, mimi na dada mmoja aliyenizidi elimu. Yeye alikuwa amemaliza masomo ya biolojia, mimi nilikuwa nimeyaacha njiani. Mkataba ulikuwa mmoja, umechapwa kwa mashine moja, mshahara uleule hadi senti. Tulitia saini tukicheka.

Mwisho wa mwezi wa kwanza tuliitwa kupokea. Bahasha yangu ilikuwa nene kuliko yake. Hakuna aliyekosea hesabu. Mimi nilikuwa nimetoka na chombo usiku mara 11, na kila usiku ulikuwa na posho yake. Yeye hakutoka hata mara moja. Nahodha alikuwa amesema mwanamke hapandi, na mkuu wetu hakutaka ugomvi na nahodha. Ukizijumlisha zile posho, zilikaribia mshahara wenyewe. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili wenye mshahara mmoja, na mmoja wao alikuwa akipata karibu mara mbili ya mwenzake.

Wanaoijua kazi ya ziwa wataniambia usiku si anasa. Nakubali. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na duniani hulipita Baikal peke yake, lakini uhai wote umebanana juu. Kuanzia mita mia na kitu, na kusini kama mita 200, oksijeni imekwisha na samaki hawezi kuishi. Mchana ndagala hushuka kujificha, na jua likizama hupanda kufuata vijidudu vya majini wanavyovila, mukeke naye akiwafuata kama mdai anavyomfuata mdaiwa. Ndiyo maana mvuvi hulala mchana, na ndiyo maana mtafiti anayetaka kujua samaki wako wangapi na wanakula nini hana budi kulowa umande. Ule mradi mkubwa wa FAO uliofadhiliwa na Finland, ulioanza 1992 na kuwa na makao yake Bujumbura, ulikuwa na meli yake, Tanganyika Explorer, iliyozunguka ziwa zima ikisaka samaki kwa mwangwi wa sauti. Vituo vingine havina meli. Vinakodi chombo cha mvuvi, na anayekodi chombo hukodi na desturi za mwenye chombo.

Desturi yenyewe wengi mnaijua. Ufukwe mzima huu, wapo wanaoamini kwamba mwanamke akipanda chombo samaki hukimbia. Wengine hutoa sababu za hedhi, wengine za mizimu, wengine hawatoi sababu kabisa. Sikusudii kuwacheka wazee. Ziwa huua watu, pepo za kusini huinuka ghafla kuanzia Mei, na mtu anayefanya kazi juu ya kitu kinachoweza kummeza ana haki ya kuwa na miiko yake.

Ila mwiko huu una mlango wa uani, nami niliuona ukifunguliwa. Mwezi wa tatu wa kibarua chetu alikuja mwanafunzi wa kike kutoka Ulaya, mrefu, ana kofia ya jua na sanduku la chupa. Nahodha yuleyule alimpa mkono akamvuta chomboni. Akamtandikia na turubai akae. Tulitoka, tulivua, na kwa bahati mbaya ya mwiko usiku ule ndagala walikuwa tele. Asubuhi dada yule alikuwa amesimama ufukweni na ndoo ya barafu akitungoja kama kawaida. Hakusema kitu. Alizipokea chupa moja moja akiandika namba zake, na nilipomtazama usoni nikaona ni afadhali nitazame chupa.

Baadaye nilielewa kwamba nahodha hakuwa akitofautisha mwanamke na mwanamume tu. Alikuwa akitumia ngazi ya zamani. Wakati wa Wabelgiji, watumishi wa Kongo na Ruanda-Urundi waliwekwa chini ya kanuni mbalimbali kufuatana na rangi. Mzungu alikuwa na ngazi yake ya mshahara, Mwafrika na yake, hata wakiwa wamekaa meza moja. Sayansi haikusamehewa. INEAC, ile taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa 1933 na ambayo kwa upande wa Burundi ilirithiwa na ISABU mwaka 1962, ilikuwa mtoto wa utawala uleule. Kanuni moja kwa watumishi wote ilikuja 1959, saa ya mwisho, mwaka mmoja kabla Kongo haijapata uhuru. Kwa hiyo madai ya kazi sawa malipo sawa si wimbo ulioletwa juzi na wafadhili. Babu zetu waliudai kwa ajili ya ngozi. Ila walipoudai hawakuwa wakimfikiria bibi.

Wala Wabelgiji kwao hawakuwa wamemfikiria. Februari 1966 wanawake wapatao 3,000 wa kiwanda cha silaha cha FN, mjini Herstal, waliweka chini zana wakagoma wiki 12 wakidai malipo sawa. FN tunaijua sana ukanda huu wa Maziwa Makuu kwa bunduki zake. Bunduki zilitufikia, habari za mgomo hazikutufikia.

Kisa kinachotufaa zaidi, hata hivyo, hakiko Ulaya. Kiko Nairobi, na mwenye kisa ni mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa miti hata ikasahau kwamba alianza na wanyama.

Januari 1966 Wangari Muta, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Maathai, alirudi Kenya kutoka Marekani na shahada ya uzamili ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mkononi alikuwa na barua ya kuajiriwa msaidizi wa utafiti wa profesa wa zoolojia katika chuo cha Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba kilichomponza ni kabila lake na kuwa mwanamke. Aliyemwokoa ni Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na 1977 profesa mshiriki.

Ukitazama orodha hiyo ya vyeo utasema mambo yalimnyookea. Lakini yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walikuwa wamegundua kitu ambacho hakionekani kwenye orodha ya vyeo. Mwalimu mwanamume alipewa nyumba ya chuo au fedha ya nyumba, na mafao mengine juu yake. Mwalimu mwanamke aliyeolewa hakupewa, kwa sababu chuo kilidhani ana mume wa kumpa paa. Darasa lilikuwa lilelile na maabara ileile. Hata mizoga ya ng'ombe iliyokuwa ikipasuliwa haikuwa na ubaguzi. Tofauti ilikaa kwenye kile kinachouzunguka mshahara.

Wawili hao walidai. Walidai kwa barua, walidai kwa mikutano, wakajaribu kukigeuza chama cha wanataaluma kiwe chama cha wafanyakazi chenye uwezo wa kukaa mezani na mwajiri. Haikuwa mchezo, mkuu wa chuo alikuwa Rais Jomo Kenyatta mwenyewe. Wenzao wengi, wakiwamo wanawake, waliogopa. Na hapa ndipo chuo kilipofanya jambo ambalo mimi naliona la ujanja kuliko kukataa: kama alivyosimulia Maathai miaka mingi baadaye, kiliwapa wao wawili masharti kamili na kuwaacha wengine walipokuwa. Ukitaka kuvunja dai la haki, mpe mdai peke yake. Hawakunyamaza, na mengi waliyoyadai yalikuja kukubaliwa. Mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, hotuba nyingi zilitaja miche. Sikusikia iliyotaja posho ya nyumba.

Ng'ambo ya bahari, katika chuo cha MIT kule Marekani, kulikuwa na kisa kingine kinachonivutia kwa sababu kilianza na samaki. Mwanabiolojia Nancy Hopkins alitaka nafasi zaidi ya kuweka matangi ya samaki wadogo wenye mistari ambao wanasayansi huwafuga kwa utafiti wa jeni. Akanyimwa. Akaambiwa ana nafasi ya kutosha kama wenzake. Basi katika miaka ya 1990 alichukua futi ya kupimia, ile ya fundi, akapita usiku akiinama sakafuni kupima maabara za jengo zima. Alikuta yake ni futi za mraba 1,500, wakati maprofesa wanaume wa kiwango chake walikuwa na wastani wa 3,000. Wanawake wenzake walipokaa pamoja na kulinganisha mambo, waliona kwamba nafasi, mishahara, tuzo na ushiriki katika maamuzi vyote vimeinamia upande mmoja. Mwaka 1999 chuo chenyewe kilitoa ripoti na kukiri.

Nikilinganisha visa hivi, Maathai na nyumba, Hopkins na sakafu, dada yule na chombo, naona kitu kimoja. Hakuna hata mmoja aliyeugundua wizi kwenye mstari wa juu wa hati ya mshahara. Wote waliugundua chini yake, kwenye ile mistari midogo ambayo karani huiandika kwa kalamu.

Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya uchumi ilikwenda kwa Claudia Goldin wa Harvard, aliyetumia miongo kadhaa kufuatilia malipo ya wanawake wa Marekani kwa miaka mia mbili. Moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo haiko kati ya kazi na kazi, iko ndani ya kazi moja, na hufunguka mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kazi nyingi humlipa kupita kiasi yule anayepatikana saa zozote: usiku, Jumapili, akiitwa ghafla. Nyumba yenye mtoto haiwezi kutoa watu wawili wa namna hiyo. Mmoja huenda, mmoja hubaki. Anayebaki tunamjua.

Goldin aliandika akiwafikiria watu kama mawakili. Angekuja hapa Rumonge angeona nadharia yake ikielea na taa zimewashwa. Saa ya ziwa ni usiku, na saa ya mtoto mchanga pia ni usiku. Posho imewekwa upande mmoja tu wa usiku huo.

Wapo watakaosema, haya, basi mwanamke apande chombo, mambo yaishe. Wanapanda, siku hizi, kidogo kidogo, hasa kwenye vyombo vya ofisi. Lakini safari zenyewe ni chache. Mafuta yakiadimika, kama yalivyoadimika Burundi miaka hii ya karibuni, injini hulala, na kiti kwenye boti ya utafiti kinagombaniwa kuliko kiti cha ubunge. Bungeni angalau Katiba ya 2005 ilimwekea mwanamke asilimia 30. Kwenye boti hakuna aliyemwekea kitu. Mkuu wa kituo huandika majina ya watakaosafiri, na mkono wake huenda ulikozoea kwenda. Atachukua yule aliyesafiri mara ya mwisho kwa sababu ana uzoefu, na uzoefu aliupata kwa sababu alisafiri.

Hasara haiishii kwenye bahasha. Anayetoka ziwani ndiye anayechukua takwimu, na mwenye takwimu ndiye jina lake hupanda juu ya makala. Makala iliyosomwa sana kuhusu ziwa hili katika kizazi chetu ilitoka katika jarida la Nature, Agosti 2003. Ilieleza kwamba joto likiongezeka, maji ya juu huwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini yenye rutuba; kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa takriban asilimia 20; na kwamba hiyo ni sawa na samaki kupungua kwa takriban asilimia 30. Majina ni matano. La kwanza ni Catherine O'Reilly na la pili ni Simone Alin, wanawake wawili, watafiti wa Marekani. Nafurahi kwa ajili yao, na kazi yao ni ya kweli. Ila mtu akiniambia kwamba utafiti wa Tanganyika ni mgumu mno kwa mwanamke, namwonyesha yale majina. Akiniuliza mbona la mwanamke wa ufukwe huu halimo, namwonyesha turubai la nahodha.

Asubuhi ile ya Rumonge nilifika vichanjani saa tatu, harufu ya mawese ikishuka kutoka kwenye mitambo ya kukamulia mjini na kuchanganyika na ile ya samaki. Vichanja ni meza ndefu za miti na wavu, zimeinuliwa hadi kiunoni. Zamani ndagala walianikwa mchangani, kuku wakipita juu yao na mvua ikija bila kuaga. Kuanzia 2004 FAO ilianza kuwafundisha akina mama wa ufukwe huu kutumia vichanja. Kwa hesabu za shirika hilo, samaki aliyekuwa akichukua siku tatu kukauka mchangani hukauka kwa saa nane kwenye kichanja, na bei yake ilipanda zaidi ya maradufu kwa kuwa hana mchanga tumboni.

Mama mmoja alikuwa akigeuza. Nilimtazama kwa muda. Hageuzi mmoja mmoja. Hupitisha viganja vyote viwili chini ya samaki, vidole vimefunguka kama reki, huinua kidogo na kuacha waanguke upande wa pili. Katikati ya tendo hilo macho yake yanafanya kazi nyingine: anatoa aliyepasuka, anatupa dagaa wa aina nyingine kwenye kikapu cha kushoto, mukeke mchanga kwenye kikapu cha kulia. Niliwahi kukaa maabarani nikiona watu wakifanya hivyohivyo kwa kibano na sahani, na wakilipwa kwa kazi iitwayo uchambuzi wa sampuli. Wengi wa akina mama hawa si wenye samaki. Ni vibarua wa siku, na malipo hupimwa kwa beseni, wakati mwingine kwa samaki wenyewe.

Katika hesabu kubwa ya ziwa zima ya Machi 1995 walipatikana wavuvi karibu 45,000. Iliporudiwa 2011 walikuwa karibu 95,000. Takwimu hizo mbili zinanukuliwa katika kila warsha, nami nimezinukuu mara nyingi bila kujiuliza. Ni hesabu ya wanaoshika nyavu. Yule mwenye vidole kama reki hayumo. Na asiyekuwamo kwenye hesabu hawi na mahali kwenye mpango. Nchi za ziwa zilipokubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumue, maswali yaliyoulizwa kwanza yalihusu wavuvi: watakula nini, mikopo ya injini itasubiri? Ni maswali halali. Lakini ziwa likifungwa kichanja nacho kinafungwa, na mwenye kichanja hana hata kadi ya kuonyesha kwamba amefungiwa.

Kama ningepewa mamlaka kwenye kituo kimoja cha utafiti kwa asubuhi moja, nisingegusa jedwali la mishahara. Ningeomba daftari la safari. Kila kituo kina daftari hilo, au faili la hati za safari za kikazi, lenye tarehe, chombo, majina na saini za kupokelea posho. Ningemtuma karani kijana aninunulie soda, nikae chini ya mwembe, nihesabu majina ya kike na ya kiume mwezi kwa mwezi. Kisha ningeuliza swali moja zaidi: anayefungua sampuli alfajiri, aliyeamka saa tisa kuandaa barafu na kubaki na darubini hadi macho yanamtoka machozi, yeye kazi yake ina posho gani? Usiku wake haukuwa usiku?

Sina uso wa kuyasema haya kwa ukali sana, na nitaeleza kwa nini.

Katika zile safari zangu 11, nilikuwa mzima mbili za mwanzo. Safari ya tatu upepo ulitupata, nikatapika hadi nikaona nyota ambazo hazikuwapo. Kuanzia hapo, kila tulipotoka nilikuwa nikilala chini ya turubai mara tu tukiuacha ufukwe. Wavuvi walinihurumia. Wao ndio walioshusha chupa za maji, wao ndio walioshusha kile kisahani cheupe cha kupimia uangavu kabla giza halijaingia, wakaniambia namba nami nikaziandika alfajiri, nikiwa nimejifunika. Saa za katikati ya usiku niliziandika kwa kukisia.

Dada yule ndiye aliyekuwa akipokea karatasi zangu. Siku moja alizikalia muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaniita.

"Kaka, hapa saa nane usiku ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

Alinitazama. Akachukua kalamu ya risasi, akaweka alama ya kuuliza ndogo sana kando ya namba, akaendelea na karatasi inayofuata. Ijumaa ile nikaenda dirishani, nikatia saini mara 11, nikapokea zote.